UZI: Filamu ya makala kuhusu meli kongwe za abiria, kuanzia SS Uganda hadi meli za ziwani kwetu

Kamera_Kasenyi (mwanzisha uzi)
Salaam ndugu zangu. Tunatengeneza filamu ya makala ya dakika 50, kwa Kiswahili, kuhusu meli zilizoleta na kuondoa watu Uganda kupitia Mombasa, pamoja na zile za ziwani zilizomalizia safari. Mhusika mkuu ni SS Uganda, meli iliyobeba jina la nchi isiyo na bahari. Tuna kamera mbili na watu watatu, na Ulaya hatuendi. Tupige nini wakati meli yenyewe ilishakatwa vyuma zamani? Sauti ya chumba cha mashine inachukuliwaje? Mwanga wa ziwani je, na droni? Kukosoa ruksa.

Mzee_wa_Portbell
Karibu, kijana. Kabla ya kamera, nyoosha historia, maana wapenzi wa meli wanakagua filamu kama karani wa forodha anavyokagua mizigo.

SS Uganda iliundwa na Barclay Curle, Glasgow, ikaanza kazi 1952 chini ya kampuni ya meli ya British India. Dada yake, Kenya, ilitangulia 1951. Zote mbili zilikuwa za njia ya London hadi Afrika Mashariki kupitia Suez. SS Kampala (1947) na Karanja (1948) ni za kampuni hiyo hiyo lakini njia yao ni Bombay. Usizichanganye. Familia nyingi za Kihindi za Kampala na Jinja historia yao imepita njia ya Bombay, na ukiwaonyesha picha ya Uganda ukasema ndiyo iliyomleta babu yao, mzee mmoja atainuka ukumbini.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Uganda iligeuzwa kuwa meli ya wanafunzi, ikawekwa mabweni. Mwaka 1982 ilikuwa hospitali kwenye vita vya Falklands. Mwaka 1986 ilipelekwa Kaohsiung, Taiwan, kukatwa, na kabla haijaguswa tufani ikaisukuma ufukweni. Mwisho huo unajitosha, usiuwekee muziki wa kulia.

Sasa kwetu. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901, Kampala ikafikiwa 1931. Katikati ya miaka hiyo abiria wa Uganda alishuka treni Kisumu akapanda meli ya mvuke hadi Port Bell, bandari ya Kampala. Ya kwanza kati ya hizo, William Mackinnon, ilikuja kwa vipande kutoka Scotland, ikaunganishwa na kushushwa majini Kisumu 1900. Kwa hiyo safari ya bahari ya Mganda wa zamani iliishia ziwani, na ziwa unalo hapo mlangoni. Huko ndiko kwa kupiga picha mpya; bahari itatoka kwenye maktaba za filamu za zamani.

Jambo moja la hesabu: tani zinazotajwa kwenye vitabu vya meli hizi ni kipimo cha ujazo, futi za ujazo 100 kwa kila tani moja. Si uzito. Msimuliaji akisema "meli yenye uzito wa tani 14,000" amekosea, hata sauti yake iwe tamu namna gani.

Dohani_Mbili
Naongeza kwa Mzee. Ukinunua picha za zamani, hakiki kila kipande kabla ya kulipa. Maktaba nyingi huandika tu "meli ya abiria Mombasa, miaka ya 1950". Anza na dohani: British India ni nyeusi yenye mikanda miwili myeupe. Union-Castle, waliokuwa wakifika Mombasa pia, dohani yao ni nyekundu yenye kichwa cheusi na ubavu wa meli ni wa zambarau iliyopauka. Kwenye filamu ya nyeusi-na-nyeupe zambarau ile inaonekana kijivu cha kati, na watu wakiipaka rangi kwa kompyuta wanaifanya nyeupe. Usiruhusu.

Ukimaliza dohani, hesabu milingoti na uangalie nafasi ya mashua za uokoaji. Umbo la omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, nalo linasema mengi. Jina lililoandikwa omoni likisomeka ni zawadi, ila mara nyingi limeungua kwa mwanga.

Filamu za kabla ya sauti zilipigwa fremu 16 hadi 18 kwa sekunde. Zikiwekwa moja kwa moja kwenye 25, makuli wanakimbia kama wamechapwa. Ziteremshe hadi watu watembee kama watu. Na tafadhali, picha ya 4:3 iache na pembe zake nyeusi. Kuivuta ijaze kioo kunageuza dohani ndefu kuwa pipa.

FundiSauti_Jinja
Mimi nashika sauti.

Kwanza, ukweli wa mlio. SS Uganda iliendeshwa na turbaini za mvuke. Turbaini haina mapigo. Ni mluzi mwembamba usiokatika, na chini yake mngurumo wa gia. Ule mlio wa tu-tu-tu wa pistoni unaopatikana bure kwenye intaneti ni wa injini ya mvuke ya pistoni, kama zile za meli za mwanzo za ziwani. Vivuko vya leo ni dizeli, mlio wa tatu kabisa. Filamu nyingi humwaga mlio wa pistoni juu ya kila meli yenye dohani. Ukitaka pistoni halisi, meli ya SS Shieldhall ya Southampton, iliyoundwa 1955, bado ina injini hiyo. Waandikie, omba mtu wao akurekodie dakika kumi, ni rahisi kuliko nauli.

Pili, chumba cha mashine. Ndani unakuta desibeli 105 hadi 110. Vaa vizibo vya masikio na vifuniko juu yake, wote watatu. Usitegemee maiki isiyotumia waya: chuma kinakata mawimbi, ukipinda kona moja sauti imekwisha. Weka kinasa kidogo mwilini mwa anayeongea. Kinasa cha biti 32 kinasaidia, ila watu hudhani kinaponya kila kitu. Kinakuokoa kwenye kiwango tu. Kiwambo cha maiki chenyewe kikizidiwa, sauti imepasuka kabla haijafika kwenye kinasa. Kwa mashine, tumia maiki ya dainamiki, ya aina ileile ya waimbaji wa jukwaani.

Mahojiano usiyafanye mle. Piga picha za mikono na geji mle ndani, kisha mtoe mhandisi mpeleke karakana au kwenye sitaha ya juu upande usio na upepo, aeleze huko. Kwenye uhariri kata masafa ya chini ya hezi 80 hadi 100 kwenye sauti ya mtu. Hapo ndipo mtetemo wa meli unapokaa.

Na kila mahali unapopiga, rekodi dakika moja ya ukimya wa pale pale, watu wote wamenyamaza. Meli haina ukimya, na kila chumba kina mvumo wake. Usipouchukua, kila mkato wa uhariri utasikika.

Kamera_Kasenyi
Asante sana, mzee na fundi. Swali dogo: majaribio yetu ndani ya chombo kimoja yametoa picha yenye mistari inayopanda taratibu, na nyingine zinatikisika kama uji hata kwenye stendi. Tunapiga fremu 25, shata 1/50, kama nyumbani.

Umeme_wa_Meli
"Kama nyumbani" ndiyo tatizo. Umeme wa Uganda ni hezi 50, kwa hiyo fremu 25 na 1/50 inakaa sawa. Meli nyingi za kisasa zinazalisha umeme wao wenyewe kwa hezi 60. Taa zake zinapepesa kwa kasi nyingine na mistari inatokea. Acha fremu 25, badilisha shata iwe 1/60. Kamera inayopima kwa nyuzi, weka 150. Mwendo wa picha hautabadilika kiasi cha mtu kugundua. Piga sekunde kumi za majaribio katika kila chumba, kwani chombo kimoja kinaweza kuwa na taa za aina tatu.

Kutikisika ni jambo jingine. Pangaboi la mabapa manne likizunguka mara 240 kwa dakika linapiga sitaha mitikisiko 16 kila sekunde, nayo inapanda miguu ya stendi hadi kwenye kamera. Weka godoro la sponji gumu la sentimita 5 chini ya stendi na mfuko wa mchanga juu yake, au shika kamera mkononi. Mwili wa mtu unameza mtetemo vizuri kuliko chuma. Sogea mbele pia. Karibu na shetri, yaani nyuma ya meli, ni mahali pabaya kuliko pote.

Na hili lisomwe mara mbili: usichomeke kebo ya soketi nyingi yenye kinga ya umeme iliyonunuliwa mjini. Kwenye meli nyingi hakuna waya kati ya miwili uliofungwa ardhini kama nyumbani. Swichi ya kebo hiyo inakata waya mmoja tu, mwingine unabaki na umeme, na ile kinga inajaribu kumwaga umeme kwenye bodi ya meli. Inapata joto, inashika moto. Mwone fundi umeme wa chombo, akuonyeshe soketi, chaji moja kwa moja pale.

Nakiwogo_Asubuhi
Kuhusu mwanga. Kwa mazoezi na kwa picha nyingi za maisha ya sitahani, meli ya MV Kalangala, ya kati ya Entebbe na visiwa vya Ssese, inatosha. Kwa kawaida inaondoka Nakiwogo, upande wa Entebbe, saa nane mchana na kurudi kutoka Lutoboka, upande wa visiwani, saa mbili asubuhi (thibitisheni siku hiyo hiyo, ratiba huyumba). Njia inaelekea kusini, ikilala kidogo magharibi. Hesabu jua: kwenda alasiri na kurudi asubuhi, safari zote mbili jua linakuwa upande wa kulia wa chombo. Upande wa kushoto ni kivuli mfululizo. Watu wa kuhojiwa waketi kushoto, wapate mwanga laini wa kuakisiwa na maji. Picha za mikono, kamba na nyuso zinazoangalia ziwa, nenda kulia.

Saa nane jua bado liko utosini, macho ya watu ni mashimo. Mwanga unapata umbo baada ya saa kumi. Huku ikweta jua linashuka wima, nyuzi 15 kwa saa, basi ule mwanga wa dhahabu ni kama dakika 40, na baada ya jua kuzama kuna dakika 20 hivi giza halijatanda. Orodhesha picha zako kabla. Hakuna muda wa kujadiliana.

Filta: mchana wa jua kali, ISO 100, shata 1/50, ukitaka f/5.6 unahitaji kupunguza mwanga stopu 4 (kila stopu ni nusu ya mwanga), yaani filta nyeusi ya ND16. Maji yakimeta ongeza moja, ND32. Ukipiga kwa rangi bapa ambayo kamera inalazimisha ISO 800, ongeza stopu tatu tena: ND128 hadi ND256. Zile filta za kuzungusha zikifika mwisho zinaweka msalaba mweusi katikati ya anga. Nunua mbili za kudumu badala ya moja ya kuzungusha. Filta ya kuondoa mng'ao nayo ni nzuri meli ikienda mstari mmoja. Ikigeuka, anga inabadilika rangi katikati ya picha.

Lenzi ikitoka kwenye kibanda chenye kiyoyozi kwenda chumba cha mashine cha nyuzi 40 inaota ukungu papo hapo, na kufuta hakusaidii. Iweke kwenye mfuko uliofungwa, ikae kule kwenye joto nusu saa ndipo uufungue.

Sami je? Wale wadudu wa ziwani wakitoka, wingu lao linafuata taa. Usiku zima taa ya kamera mpaka dakika ya kupiga, na usibadilishe lenzi nje. Mmoja tu akiingia ndani ya kamera anatosha kuharibu kazi ya siku.

Dohani_Mbili
Upeo wa macho ndio unaowatoa jasho wengi. Amua moja: ama kamera imefungwa na meli, upeo unapanda na kushuka dirishani, mtazamaji anahisi yumo ndani, ama upeo umetulia na meli ndiyo inayoyumba. Gimbali, kile kishikio cha injini kinachotuliza kamera, inajaribu kufanya yote mawili. Ikikutana na mrama mrefu wa polepole inachanganyikiwa, upeo unateleza taratibu kwenda pembeni. Zima pia kitulizaji cha ndani ya kamera ukiwa kwenye stendi.

Kamera_Kasenyi
Na droni? Tulifikiria kuirushia hapo hapo Nakiwogo chombo kikiondoka.

Nakiwogo_Asubuhi
Banange, Nakiwogo iko pua kwa pua na uwanja wa ndege wa Entebbe. Sahau. Kwingineko Uganda unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya upande wa usalama, na bandari ina ruhusa yake peke yake. Kimoja hakikai badala ya kingine. Anza miezi kabla.

Ukishapata vibali: dira ya droni irekebishwe nchi kavu, kamwe si juu ya sitaha ya chuma. Zima kurudi nyumbani kwa kujiendesha, weka "simama hewani", kwa sababu nyumbani kwake ni pale iliporukia, na meli ilishaondoka pale. Itarudi majini kwa uaminifu kabisa. Kamata kwa mkono, betri ikiwa bado na asilimia 40. Upepo wa ziwa huamka mchana ukielekea nchi kavu, basi ruka asubuhi mapema.

Vinginevyo kodi mashua. Kaa mita 150 au zaidi ubavuni, usikate mbele ya omo, jaketi za kuokolea zifungwe na siyo kukaliwa, na epuka vijia vya magugu maji. Yakiziba njia ya maji ya kupoza injini, mashua inazima mbele ya meli.

Mzee_wa_Portbell
Ndani ya chumba cha usukani, adabu. Wakati wa kufunga au kufungua amari hakuna kuuliza maswali. Usiku hakuna mwanga mweupe, hata wa simu. Macho ya mlinzi yanahitaji dakika 20 au zaidi kulizoea giza tena. Taa nyekundu hafifu tu. Spika, maiki zenye sumaku na stendi za chuma zikae mita mbili kutoka kwenye dira ya sumaku. Mwulize ofisa kabla ya kutua chochote.

Kuhusu maisha ya baharini: msingi wake ni zamu, saa nne kazini na nane mapumziko. Zamu zinaangukia vizuri kwenye saa zetu: saa sita hadi saa kumi, saa kumi hadi saa mbili, saa mbili hadi saa sita, mchana na usiku. Ile ya saa kumi hadi saa mbili ndiyo ya ofisa wa kwanza, na ina alfajiri na machweo ndani yake. Mkipata ruhusa ya zamu moja tu, ombeni hiyo.

Katika zamu hiyo ndipo nyota zilipopimwa. Panahitaji nyota iwe imeonekana na upeo wa bahari uwe bado unaonekana, na kwenye ikweta muda huo ni mfupi kweli. Kama mna baharia mstaafu mwenye sekstanti, igizeni: lenzi ya karibu kwenye kidole gumba kinachozungusha gurudumu dogo la dakika, nyota inateremshwa mpaka iguse mstari wa maji, mkono unayumbisha chombo kidogo kushoto kulia kuhakikisha, kisha anasema "sasa!" na mwenzake anaandika sekunde kwanza, dakika baadaye, saa mwisho. Mpangilio huo si wa mapambo. Kosa la sekunde nne hapa ikweta ni maili moja ya bahari. Onyesheni saa, kalamu, karatasi. Msimuliaji anyamaze.

Wastaafu msiwaulize "maisha yalikuwaje". Mtajibiwa "yalikuwa mazuri". Mwulizeni mzee alikabidhiwa nini alipopokea zamu ya saa sita usiku, alisimama wapi, alishika nini kwanza. Mwiteni mzee au mama kwa heshima yake, na muwape picha ya meli yao mkononi, iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa. Kwenye simu hawaoni.

Kijana_wa_Modeli
Kuna njia ambayo haijatajwa: modeli. SS Uganda ilikuwa na urefu wa karibu mita 164.5. Kwa kipimo cha 1:48 modeli ni mita 3.4, fundi wa bati na mbao wa Katwe anaiweza akiwa na michoro. Kasi ya kupiga: chukua kipeuo cha pili cha kipimo, zidisha kwa 25. Kipeuo cha 48 ni karibu 6.9, basi fremu 173 kwa sekunde. Kamera yenye 180 inatosha.

Tatizo ni maji. Tone halipungui ukubwa, na kwenye 1:48 tone moja linaonekana kama pipa linaloruka. Kwa hiyo hakuna dhoruba. Pigeni bandarini, alfajiri, maji yametulia, kamera iwe kimo cha sitaha ya modeli na siyo juu yake, jua la pembeni, moshi kidogo nyuma kuficha ukingo wa bwawa. Picha tano za sekunde sita hivi zinatosha.

Dohani_Mbili
Michoro na kumbukumbu za British India ziko ndani ya hifadhi ya P&O, maana kampuni hizo ziliungana tangu 1914. Sehemu kubwa ya nyaraka za P&O imetunzwa makumbusho ya bahari ya Greenwich. Ukiandikia, taja jina, mwaka na mjenzi. Uganda zipo mbili, ya awali iliyozama 1918 na hii ya 1952. Na ukiomba leseni ya filamu, taja mapema eneo, chombo cha kuonyeshea na muda. Leseni ya tamasha peke yake ni nafuu kuliko ya dunia nzima, lakini ukiiweka YouTube umevunja mkataba.

Kamera_Kasenyi
Nimeandika yote. La mwisho: diski. Tununue kiasi gani?

FundiSauti_Jinja
4K ya megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45 kwa saa. Dakika 50 za filamu, ukipiga mara 20 yake, ni karibu saa 17, gigabaiti 750 kwa kamera zote. Nakala tatu: mbili mnazo, moja ibaki nchi kavu. Diski za terabaiti moja zinatosha, lakini nunueni za mbili, kwa kuwa zile dakika za "ukimya" na majaribio ya taa nayo yanakula nafasi. Zile mbili zisikae begi moja wakati wa kushuka chomboni. Kadi isifutwe mpaka nakala ya tatu ifunguliwe na kuchezwa, siyo kuhesabiwa mafaili tu.

Umeme_wa_Meli
Na chaja ziwe zile zilizoandikwa 100–240V, 50/60Hz. Soma nyuma yake kabla ya kupanda.